Kadamnasi Inayohama

Mavuno yakisha kuingia ghalani katika nchi ya Usukuma, na vumbi la kiangazi likaanza kupanda juu ya mapito ya ng'ombe, vikundi viwili vya ngoma huitana uwanja mmoja, siku moja na saa moja, kimoja cha Bagika na kimoja cha Bagalu, na kila kimoja hupiga ngoma zake na kuimba nyimbo zake pasipo kungoja mwenziwe amalize. Kwa desturi mashindano haya hayahitaji meza ya waamuzi, maana hukumu imo miguuni mwa watazamaji: mtu husimama mahali anapopendezwa, na akichoshwa huvuka uwanja akaenda upande wa pili, na jua linapokuchwa aliyezungukwa na umati mkubwa ndiye mshindi, na aliyekimbiwa hana pa kukatia rufaa. Wazee huunasibisha ushindani huu na mafundi wawili wa kale, Gumha na Ngika, ambao kila mmoja wao alisifiwa kwa dawa yake ya kuvuta watu. Na mchezaji wa baada yao, pamoja na dawa, hutafuta chatu wa kujiviringishia shingoni, jembe la kurusha hewani na kulidaka, vazi lisilopata kuonekana, mzaha mpya juu ya hasimu aliye ng'ambo ya uwanja, na kila hila ya halali iwezayo kumzuia mtazamaji asigeuze kisogo.

Nimeutaja uwanja huo kwanza kwa sababu nataka kunena juu ya mwigizaji Steven Kanumba, na sioni mizani iliyo sawa zaidi ya kumpimia. Aghalabu habari zake husimuliwa kama habari za mtu wa Dar es Salaam, wa Sinza alikoishi na Kinondoni alikozikwa, ilhali alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984, mtoto wa Kisukuma, akasoma shule ya msingi Bugoyi, kisha akaendelea na masomo ya sekondari Mwadui kabla ya kuhamia pwani. Mwadui ndipo John Williamson, Mkanada, alipopata almasi mwaka 1940, na ndipo lilipotoka mwaka 1947 lile jiwe la rangi ya waridi, lenye uzito wa karati 54.5, lililopelekwa kuwa tunu ya arusi ya Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza. Ni wepesi kumfananisha kijana huyu na jiwe hilo, na ulinganifu huo naukataa kwa dhati. Almasi hukutwa imekwisha kuumbika chini ya ardhi, na kazi ya mwanadamu ni kuifukua na kuikata. Bali mwigizaji huumbwa na watu wengine, na kazi ya Kanumba, iliyodumu miaka kumi tu tangu alipoingia katika kundi la Kaole mwaka 2002 hata alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, haieleweki mpaka wajulikane walioiumba.

Bara ilichelewa kupata televisheni. Zanzibar ilikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya mwanzo ya 1970, lakini upande huu wa bahari watu walibaki na redio, na vichekesho vya Pwagu na Pwaguzi vilivyorushwa na Redio Tanzania Dar es Salaam vikawa ndiyo tamthilia ya kila nyumba yenye betri za kutosha. ITV ilipoanza matangazo yake mwaka 1994 ilikuta jukwaa liko hai. Kulikuwa na Muungano ya Norbert Chenga, na tangu mwaka 1992 kulikuwa na TOT ya Kapteni John Komba, makundi yaliyopingana kwa miaka mingi katika kumbi na baa za mji, yakitoa kwa onyesho moja ngoma, sarakasi, taarabu, vichekesho na igizo. Na upinzani wao uliwafanya watu wa Dar es Salaam wahame kutoka ukumbi huu kwenda ule sawasawa na watu wa Shinyanga uwanjani. Maigizo hayo aghalabu hayakuandikwa. Mkuu wa kundi alisimulia kisa, akagawa nafasi, na kila mtu akajitafutia maneno yake mwenyewe mbele ya watu waliokuwa wakila na kunywa na kuzungumza mambo yao, na ambao hawakuona haya kuzomea. Aliyeshindwa kuwanyamazisha, kwa sauti au kwa macho au kwa kimya chake, alijijua usiku ule ule.

Kaole, ambayo michezo yake ilioneshwa na ITV kwa majina kama Jahazi, Dira, Tufani na Gharika, ilikuwa mrithi wa ada hiyo, na kwa maoni yangu ilikuwa madrasa kuu ya uigizaji iliyopata kuwapo Tanzania Bara nje ya kuta za vyuo, ingawa haikujiita hivyo wala haikutoa shahada. Humo walikutana vijana kama Vincent Kigosi, anayejulikana kwa jina la Ray, na Blandina Chagula, ambaye watu humwita Johari, pamoja na wakongwe kama Bi Hindu na Mzee Kipara, ambaye jina lake hasa lilikuwa Fundi Said. Huyu mzee nataka nimkalie kidogo, maana hayakuandikwa mengi juu yake. Mzee Kipara alikuwa na sura ya baba ambaye kila mtaa unaye: hakuhitaji vipodozi wala mavazi ya ajabu, na alipokaa kwenye kiti cha uvivu mbele ya kamera, mtazamaji aliamini kwamba kiti kile ni chake na nyumba ile ni yake na kwamba kodi yake inadaiwa. Kijana akiigiza mbele ya mzee wa namna ile hawezi kupiga makelele tu na kuita makelele hayo hasira. Analazimika kushusha sauti, kungoja, kuyapokea maneno ya mzee yaingie kwanza kabla ya kujibu, kwa kuwa adabu ya mchezo na adabu ya nyumbani zimekuwa kitu kimoja. Mafunzo haya hayapatikani kitabuni. Hupatikana kwa kukaa miezi na miaka karibu na mtu aliyekwisha kuzomewa mara nyingi akajua sababu.

Nikimtazama Kanumba katika kazi zake za baadaye, ninachokiona kwanza ni ile subira. Alijua kusikiliza. Waigizaji wengi wa rika lake, mwenzao anaposema, hungoja zamu yao kwa macho yaliyo tupu. Yeye uso wake uliendelea kufanya kazi wakati maneno yalikuwa kinywani mwa mwingine, na kwa hiyo kamera ilimrudia hata pale ambapo kisa hakikumhitaji. Sikusudii kusema kwamba alikuwa amekamilika. Kuna nafasi alizozichukua upesi mno, na kuna machozi yaliyomwagika kabla hayajastahiki. Walakini kipaji cha kusikiliza ni nadra, na yeye alikuwa nacho.

Kutoka televisheni alihamia katika filamu za video, zile ambazo mwanzoni ziliuzwa kwa kanda na baadaye kwa sahani, aghalabu zikiwa zimekatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili mnunuzi alipe mara mbili. Filamu ya Johari, aliyoigiza pamoja na wenzake wa Kaole, Ray na Blandina Chagula, ilimtambulisha kwa watu ambao hawakuwa na televisheni. Kisha akafanya jambo ambalo wengine walilistaajabia na wengine wakalilaani: alipoona kwamba filamu za Nigeria zimeteka nyumba na mabanda ya nchi nzima, aliwafuata wenye filamu hizo, akaigiza pamoja nao katika Dar to Lagos na She Is My Sister, na miaka ya baadaye akashirikiana na Ramsey Nouah katika Devil Kingdom. Waliomlaumu walisema ameiga suti zao, magari yao, wachawi wao na hata majina yao ya Kiingereza, na lawama hizo hazikukosa haki. Mimi nami ningetamani yale majina ya filamu yangekuwa ya Kiswahili. Lakini anayeujua uwanja wa Bagika na Bagalu hatashangaa, maana huko mchezaji akiona hasimu wake amekuja na nyoka na umati umeanza kuvuka, halii wala hafanyi mkutano wa kulaani nyoka. Hutafuta nyoka wake.

Na umati uliohitaji kurudishwa ulikuwa wapi? Mijini ulikuwapo, lakini naomba tuutazame katika ukanda wa dhahabu, kwa kuwa huko hukumu yake ni kali zaidi. Geita ilichimbwa na Waingereza tangu miaka ya 1930, ikalala, ikaamshwa na mgodi mkubwa mwaka 2000; Bulyanhulu ikafuata mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009; na kandokando ya migodi hiyo yenye uzio, katika Nyarugusu, Mgusu, Lwamgasa na kwingineko, wapo wachimbaji wadogo maelfu kwa maelfu ambao huhama kila inaposikika rashi mpya, yaani mbio za kukimbilia dhahabu iliyoonekana mahali. Rashi ikitokea, pori la jana huwa mji wa leo: maturubai, karasha zinazosaga mawe mchana kutwa, mama lishe, gesti za mabati, wauza zebaki, na kabla zahanati haijafikiriwa, banda la video. Watu huliita kibanda umiza. Ni chumba cha mabati au cha turubai jeusi, chenye mabenchi ya mbao zisizopigwa randa, televisheni iliyoinuliwa juu ya meza ndefu ili wa nyuma nao waone, na jenereta iliyofungwa nje kwa mnyororo. Mlangoni pamesimama ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki majina ya filamu za siku hiyo na saa zake, na hati ya mwandishi wa ubao huo mara nyingi ni nzuri kuliko ya karani wa kijiji. Humo huingia mtu aliyetoka duarani, yaani shimoni, uso na nywele zikiwa na vumbi jeupe la mawe, ambaye ametoa shilingi chache alizozipata kwa kushuka chini ya ardhi kwa kamba, na ambaye hana sababu yoyote ya kumstahi msanii. Filamu ikimchosha hulala palepale kwenye benchi, au huinuka akaenda banda la pili, kwa maana mahali penye rashi mabanda hayakosi kuwa mawili au matatu, na kila moja linasikika katika jingine.

Katika mabanda hayo walitawala kwa muda mrefu mashujaa wa Marekani wenye bunduki, mabingwa wa ngumi wa Hong Kong, wapenzi wa Kihindi waliokimbizana bustanini, na Wanigeria; na aliyewapatanisha wageni hao wote na masikio ya watu wetu alikuwa Derek Gaspar Mukandala, mashuhuri kwa jina la Lufufu, ambaye aliifasiri filamu nzima kwa sauti yake mwenyewe, akawa mume na mke na adui na mbwa. Huyo alikuwa fundi mwenye haki ya sifa zake. Ila filamu ya Lufufu, kwa utamu wake wote, ilibaki kuwa maisha ya watu wengine yaliyosimuliwa na mtu wetu. Jina la Kanumba lilipoanza kuandikwa kwa chaki kwenye mbao zile, mchimbaji aliketi akamtazama kijana mweusi, aliyekulia Shinyanga, akisema Kiswahili na baba yake mkwe, akidanganywa, akisamehe, akiumwa, akidai mali ya marehemu. Naye hakulala, tena ilipokwisha sehemu ya kwanza alidai ya pili. Wasomi waliokuwa wakizihukumu filamu hizi kutoka kwenye viti vya mjini hawakuyaona mabenchi yale. Ushindi wa kuwarudisha watazamaji wa namna hiyo, kutoka kwa mataifa yenye fedha na mitambo mara mia kuliko sisi, ni ushindi mkubwa wa sanaa ya maonyesho ya Kiswahili katika zama zetu, na haukupata nishani.

Alifanya jingine ambalo kwangu lina uzito sawa na hilo. Katika Uncle JJ na This Is It aliwaweka watoto mbele ya kamera, akawapa nafasi za kusema na kufikiri, wasiwe pambo la nyumba kama ilivyo ada, naye akashuka akaigiza kwa kipimo chao. Mwenye kumtazama humo akikaa chini ya mtoto, akingoja jibu lake, atakumbuka jinsi Mzee Kipara alivyoketi mbele ya vijana wa Kaole. Ile madrasa ilikuwa imeanza kuzaa mwalimu.

Mwaka 2012 ulichukua wote wawili. Mzee Kipara alifariki mwezi Januari, baada ya maradhi, na gazeti lililomtaja lilimtaja kwa ufupi. Na mwezi Aprili, Kanumba, aliyekuwa ametimiza umri wa miaka 28 tu, akafariki nyumbani kwake Sinza; mambo ya usiku ule yalikwenda mahakamani yakaamuliwa huko, nami sina la kuyaongeza. Tarehe 10 watu walifurika viwanja vya Leaders kumuaga, maelfu wasiohesabika, Makamu wa Rais Mohamed Gharib Bilal akiwa miongoni mwao, wakaujaza mji kiasi cha kuzuia njia, na wengine wakazimia. Palikuwapo waliosema kwamba huzuni ile imepita kadiri, kwamba mwigizaji wa video hastahiki msiba wa kiongozi. Waliosema hivyo hawakufahamu kwamba mtu aliyewasikiliza maskini kwa uso wake, hata kama ni kwa kuigiza, huwa amewatendea jambo ambalo wenye vyeo vingi hawajapata kuwatendea.

Tokea hapo nimekuwa nikijiuliza kijana wa Katoro au Bukombe au Kahama mwenye kipaji cha namna ile ataumbwa na nani. Makundi yale makubwa ya jukwaa yamepungua nguvu au yamekwisha. Filamu zilipoanza kulipa, kila nyota aliunda kampuni yake, na wazee wakawa watu wa kuitwa siku moja, kulipwa siku moja na kusahauliwa siku ya pili. Amri Athumani, yaani King Majuto wa Tanga, aliyeanza jukwaani angali mtoto mwishoni mwa miaka ya 1950 akaigiza hata uzeeni, alichekesha taifa zima kwa umri wa mtu mzima mmoja, na bado maradhi yake ya mwisho, kabla hajafariki Agosti 2018, ndiyo yaliyowafanya watu waulize kwa sauti mikataba ya wasanii inaandikwaje na nani anafaidi. Kama kazi ya miaka sitini ina hatima ya kuulizwa swali hilo hospitalini, sembuse kazi ya kijana asiye na kundi wala mwalimu, mwenye simu yake na vichekesho vya dakika moja.

Wala si kweli kwamba kazi ya kuwaumba waigizaji haijapata kujaribiwa katika nchi hii ya ndani. Mwaka 1982 na 1983 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda Malya katika wilaya ya Kwimba, wakafanya kazi na vijana wa kijiji, wakayachukua matatizo yao wenyewe, mimba za wasichana na vijana kukosa kazi, wakayatia katika maigizo na katika wigashe, ngoma ile ya Kisukuma inayochezwa watu wameketi. Na watu wazima wakakaa wakayajadili mambo ambayo kikao cha kawaida kisingethubutu kuyataja. Njia ikaonekana kuwa inapitika. Na mambo ya kuigizwa hayakupungua baadaye, yaliongezeka: kuanzia mwaka 2007 ukanda huu wa ziwa ulishuhudia watu wenye ualbino wakiuawa na kukatwa viungo kwa imani kwamba viungo hivyo huleta bahati ya dhahabu na ya samaki, na kabla ya hapo na baada yake vikongwe wa Shinyanga waliuawa kwa kuwa macho yao yalikuwa mekundu, macho yaliyoungua kwa moshi wa samadi na kuni za kuwapikia wajukuu. Polisi walikamata, mahakama zilihukumu, viongozi walihutubia. Lakini hotuba humwambia mtu afanye nini, na igizo humweka ndani ya nyumba ya bibi yule usiku, pamoja na mjukuu anayesikia hatua nje.

Fedha za kuanzishia makundi ya kuyaigiza mambo hayo zipo. Sheria ya madini, kwa marekebisho ya mwaka 2017, huitaka migodi iandae mpango wa kila mwaka wa kuihudumia jamii na kuukubaliana na halmashauri, na juu ya hayo kuna ushuru wa huduma unaotozwa kwa mapato. Madarasa, zahanati na visima hutangulia, na ni haki vitangulie. Lakini sehemu ndogo ya fungu hilo ingetosha kuweka kundi moja la kudumu la maigizo Shinyanga na jingine Geita, kila moja na watu kumi na watano, vijana kwa wazee, wenye mshahara wa mwezi usiotegemea kiingilio, wanaozunguka magulio kwa lori moja. Wazee wawili au watatu wawe baningi wa wigashe, wale watunzi waimbishaji ambao wangali hai vijijini, na walipwe kama walimu, si kama wageni wa sherehe. Na mkataba wa kila mmoja uandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka, utaje nani ana haki ya mchezo ukirekodiwa na kurushwa na televisheni, mara ya kwanza na kila mara ya baadaye, na uwe na bima ya matibabu yake na ya watoto wake.